Odilia Hatoi Mbwa Kabla ya Kupaona

"Hivi wewe Mama Frank, unauza mbwa au unaozesha binti?"

Swali hilo Bi Mwanaidi alilirusha juu ya ua wa michongoma, huko Magomeni ya Kilosa, asubuhi alipomwona jirani yake Odilia anatoka na mwavuli na chupa ya maji. Odilia alikuwa anakwenda kwenye boma la mfugaji mmoja wa Kisukuma aitwaye Mhoja, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kuangalia tu mahali ambapo mtoto wa mbwa atalala. Mbwa mwenyewe alikuwa bado yuko bandani, ananyonya. Bi Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele, akacheka mpaka chenga zikamwagika.

"Binti angerudi kwao akashtaki," Odilia akamjibu. "Huyu nani atamsemea?"

"Haya shoga, nenda. Na mahari usisahau kutaja!"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake. Na hivyo ndivyo walivyoishi miaka kumi na tisa, kila mmoja upande wake. Bi Mwanaidi ni mtu wa swala tano, na mbwa akimlamba inambidi ajitwaharishe upya. Odilia alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akajenga banda nyuma kabisa ya nyumba, na saa za watu kwenda msikitini mbwa zake huwa ndani na komeo limefungwa. Sahani ya pilau ya Idi hupita juu ya michongoma, na ya Krismasi hurudi njia hiyohiyo. Wanapendana. Ila Bi Mwanaidi hajawahi kukaa kwenye mkeka wa Odilia hata mara moja.

Hata wenzake wa jumuiya ni hivyo hivyo. Sala ya Jumamosi inazunguka nyumba kwa nyumba, lakini zamu ya Odilia ikifika inarukwa. Hakuna anayesema kwa ubaya. Mwenyekiti alimwambia taratibu, "Odilia, yako tutakufanyia kwa Regina, kwake kuna nafasi." Ni kweli, kwa Regina kuna nafasi. Lakini kwa Odilia nako nafasi ipo, tena ndiyo iliyojaa: vyumba vitatu na mtu mmoja. Akaitikia, akabeba rozari yake, akaenda kwa Regina.

Mumewe Fortunatus alikuwa mlinzi wa ghala la reli, na mbwa aliwaleta yeye. Ndiye pia aliyeanzisha desturi ya majina ya stesheni, iliyoendelea hata baada yake, Kidete, Gulwe, Godegode, akisema kwamba mbwa akitoroka atajua ashukie wapi. Amefariki mwaka wa nane sasa. Mtoto wao Frank yuko Tunduma, na simu yake huja akiwa na salio na nafasi, vitu viwili ambavyo kwake havikutani mara kwa mara. Mbwa wakabaki. Odilia hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia "umeamkaje".

Fortunatus hakusoma kupita darasa la saba, na Odilia vilevile, lakini mambo ya mbwa waliyashika kama katekisimu. Jike hapandishwi dume katika joto lake la kwanza, maana mwenyewe bado ni mtoto. Akizaa, anapumzika mwaka. Kaka hapandi dada, hata kama wateja wanasubiri mlangoni. Mtoto hatoki kwa mama kabla ya miezi miwili kutimia, kwa sababu mama ndiye anayemfundisha kucheza bila kuumiza, na anayetolewa mapema hubaki ama mwoga ama mkali, mara nyingi yote mawili. Bwana mifugo anaitwa, dawa ya minyoo inatolewa, kadi inaandikwa tarehe. Na kila anayekuja kuchukua mtoto lazima kwanza apelekwe nyuma ya nyumba amwone mama yake, amguse, aone anapolala na anakula nini. Mtu akikataa usimwone mama, Fortunatus alikuwa akisema, ujue kuna kitu hataki ukione.

Sharti la kwenda kupaona kwa mteja aliliongeza Odilia mwenyewe baada ya kufiwa. Na hapo kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, ila Mungu analijua: katika kwenda kupaona alikuwa anapata pa kwenda. Kule kwa Mhoja, kwa mfano, alipewa kigoda na maziwa ya mgando, wanawake wa bomani wakamzunguka, na Mhoja akamhoji yeye kuliko alivyohojiwa.

"Baba yake mbwa ni yupi? Yuko hai? Amewahi kuuma mtu?"

"Baba yake ni wa Mzee Elia wa ng'ambo ya mto. Hajawahi."

"Na mama yake akisikia fisi anakimbilia wapi? Kwa fisi au uvunguni?"

"Anabweka kwanza, halafu anakuja kunisukuma mimi mbele."

Boma zima likaangua kicheko. Mhoja akasema huyo ana akili, atamchukua. Wakaandika karatasi, hata mwanae Ngolo akaisoma kwa sauti, kwamba mbwa akimshinda atamrudisha kwa Odilia, hatampa mtu mwingine. Odilia alirudi nyumbani jua linazama, miguu imechoka na moyo mwepesi. Mteja mwenye maswali alimpenda kuliko mteja mwenye haraka.

Gerald hakuwa na swali.

Alikuja masika ya miaka mitatu iliyopita, kutoka Mikumi, kijana wa thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi. Goti la Odilia lilikuwa limevimba wiki hiyo, hata kanisani hakwenda. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na sauti ya mwisho ya mtu aliyoisikia ilikuwa ya Bi Mwanaidi, juzi yake, akimuuliza kama bati linavuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, utaloa."

Akaingia. Akakaa. Odilia akamuuliza yote aliyozoea kuuliza. Nyumba yako ina ua? Ukisafiri nani atampa chakula? Una watoto, na watoto wanajua kumwacha mbwa anapokula? Gerald alijibu kama mtu aliyesoma mtihani kabla ya kuingia chumbani. Akanywa chai, akaongezwa, akanywa tena. Akaliona komeo la banda limelegea, akaomba nyundo, akaligongelea. Kila alichosema alikimalizia na "mama". Odilia alijikuta anaweka ugali jikoni wa watu wawili, kitu ambacho mkono wake ulikuwa umeanza kukisahau.

Alikuja kutafuta mtoto wa mbwa, lakini macho yake yalitua kwa Gulwe. Gulwe alikuwa jike wa mwaka na nusu, wa kahawia, Odilia amembakiza wake mwenyewe. Mchana alilala kizingitini, usiku nyuma ya mlango.

"Nipe huyu, mama," Gerald akasema. "Kwangu kuna watoto wawili, na mke wangu Brightness anashinda peke yake. Huyu atapata watu. Hapa naona yuko na wewe tu."

Neno hilo lilimwingia Odilia kuliko Gerald alivyojua. Akamtazama Gulwe amelala pale, anasikiliza mvua, akaona kwamba ni kweli: amemfungia kiumbe mzima ndani ya ukimya wake.

"Goti likipona nitakuja nipaone," akasema.

"Uje? Mama, Pasaka utakula kwetu! Utakaa wiki nzima, wajukuu wakuchoshe."

Na wakati anamfunga Gulwe kamba, ndipo akauliza kitu kimoja, swali lake pekee la siku nzima. "Mama yake huyu huzaa wangapi kwa mkupuo?"

"Tisa. Kuna mwaka alizaa kumi."

Gerald akaitikia kwa kichwa, kama anayehesabu. Pesa alilipa, ila karatasi haikuandikwa. Odilia aliona aibu kumwandikisha mtu aliyemwita mama tangu asubuhi mpaka jioni.

Pasaka ilipokaribia alishona magauni mawili madogo kwa kukisia, maana hakuuliza kama watoto ni wa kike au wa kiume. Akasubiri simu. Jumatatu ya Pasaka akapiga yeye, akaambiwa namba haipatikani. Goti lilipona. Mara mbili alifunga safari moyoni, na mara mbili akaahirisha, akijiambia kwamba watu wana shughuli zao, hawezi kujipeleka bila kuitwa. Ukweli ni kwamba aliogopa kufika na kukuta haikuwa kweli. Hapo ndipo alipokosa, na anakiri hivyo mpaka leo: aliogopa kwenda kupaona.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, akabisha hodi mtu asiyemfahamu. Alikuwa Stefano, kibarua wa shamba la mbegu Kilangali, na uso wake haukuwa wa mteja.

"Shikamoo. Wewe ndiye Mama Frank wa mbwa?"

"Marahaba. Ndimi, baba."

"Mbwa wako amenifia. Siku nne tu. Anahara damu, anatapika, watoto wangu wanalia. Na kadi ya chanjo niliyoahidiwa mpaka leo sijaiona."

"Mimi sijakupa mbwa, baba. Sura yako ndiyo kwanza naiona leo."

"Hukunipa wewe. Nilinunua Mikumi, pale malori yanapolala, kwa mtu mwenye boksi. Anawaambia watu wote kwamba ni damu ya Mama Frank wa Kilosa, mama yao anaitwa Gulwe. Watu wanakujua, kwa hiyo wanabeba." Akamtazama vizuri yule mama aliyeshika nguzo ya baraza. "Kumbe hujui."

"Mama yao ulimwona?"

"Aliniambia yuko shamba."

Odilia akakaa chini. Halafu akainuka, akampeleka Stefano nyuma ya nyumba, akamwonyesha Kidete, mama yake Gulwe, mvi puani, na Godegode, jike mdogo wa uzao wa mwisho. Akamwonyesha kadi zao. Hakuna aliyemwomba, lakini hakutaka mtu yule aondoke akidhani mambo ndivyo yalivyo kila mahali. Stefano alipoondoka alimpa pole yeye, badala ya kupewa.

Jioni akaita juu ya michongoma. "Bi Mwanaidi, kesho naenda Mikumi. Nitarudi jioni. Mbwa..."

"Usiniambie niwashike!"

"Si kuwashika. Chakula tu."

Bi Mwanaidi akafikiri. "Nitasogeza sufuria kwa mti wa kuangulia maembe. Ule mrefu. Nitasimama mbali, nitafumba na macho." Kisha, kwa sauti nyingine, "Unamfuata yule wa kahawia, siyo? Mungu akutangulie, mwenzangu."

Alipanda gari la kwanza la asubuhi. Barabara ile ina vumbi na mashimo, akasali rozari nzima na mwanzo wa nyingine kabla hajaiona lami ya Mikumi na malori yaliyopangana ubavuni mwake. Hakumtafuta Gerald kwa muda mrefu. Chini ya mwavuli wa vocha kulikuwa na boksi la biskuti, na ndani yake vitoto sita vimelala vimeegemeana. Mama mmoja msafiri ameinama, ameshika kimoja, anachagua.

"Miezi miwili kamili, dada yangu," Gerald alikuwa anasema. Amenenepa, amevaa kofia. "Chanjo zote. Kadi nakutumia kwa simu. Mbegu ya Kilosa hii, ya Mama Frank, ulizia popote."

Odilia akanyoosha mkono, akakiinua kimoja. Kilikuwa chepesi, tumbo limejaa minyoo kama ngoma, matako yana unyevu. Akakipanua mdomo kwa kidole. Meno ndiyo kwanza yanachungulia. Huyu hakuwa hata na wiki tano.

"Mama yake yuko wapi?" akauliza.

"Yuko shamba, mbali kidogo," Gerald akajibu bila kuinua macho. Kisha akayainua. Kofia akaivua. "Ah. Shikamoo, mama."

"Marahaba, Gerald. Nimekuja kupaona."

Yule msafiri akawatazama wote wawili, akakirudisha kitoto ndani ya boksi taratibu, akaenda zake kwenye basi. Gerald akasonya kidogo. "Sasa mama, umenifukuzia mteja. Ungepiga simu kwanza."

"Nilipiga. Miaka mitatu."

Hapo akafika mwanamke kijana na bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa, akapiga goti kusalimia. Gerald hakumtambulisha, lakini Odilia alijua. Akamwambia, "Brightness, mwanangu, naomba nimwone Gulwe." Brightness alimtazama mumewe, akatazama lami, akasema, "Mama ametoka mbali. Twende nyumbani hapo nyuma ukanawe mikono." Na akatangulia kabla Gerald hajapata la kusema.

Banda lilikuwa la mabati machakavu, limeegemezwa ukutani upande wa jua. Majike watatu, kila mmoja na waya wake. Gulwe alikuwa wa mwisho. Mbavu zinahesabika, chuchu zimening'inia karibu na vumbi, sikio moja limeliwa na nzi. Alipomwona mtu anakuja alikoroma, akaonyesha meno. Odilia akachuchumaa hapohapo alipofika, akaweka mkono chini, kiganja juu. Ilichukua muda. Gulwe akanusa vidole, akarudi nyuma, akanusa tena. Halafu akaja mpaka mwisho wa waya wake, akaweka kidevu juu ya goti la Odilia, akafumba macho.

"Huu ulikuwa uzao wa tano, mama," Brightness akasema kwa chini. "Hata kunyonyesha hamalizi, wanachukuliwa. Joto likija anapandishwa tena. Na dume ni mwanae mwenyewe."

"Watoto wako wanacheza naye?"

"Tumewakataza. Siku hizi anauma."

Gerald alikuwa amekuja, amesimama mlangoni. Hakuwa na hasira tena, alikuwa kama mtu aliyeshikwa mkono ndani ya chungu, anatafuta la kuchekesha. "Mama, mimi si mtu mbaya. Ni maisha. Na huyu kwanza amechoka, safari hii kazaa sita tu." Akafikiri kidogo. "Kwako una jike gani mdogo?"

Odilia hajui kudanganya, hajawahi kujua. "Ninaye Godegode. Mwaka mmoja."

"Basi rahisi! Nitumie huyo Godegode, na huyu umchukue leo leo. Mimi mwenyewe nakufungulia waya. Tumemaliza, mama na mwana."

Brightness akainamisha kichwa. Gulwe alikuwa bado amelaza kidevu palepale, uzito wote wa kichwa chake, kama mtu aliyefika. Odilia akauona mlango wa nyumba yake, na Gulwe amelala kizingitini. Ingekuwa leo hii. Kilosa nzima hakuna ambaye angemlaumu. Bi Mwanaidi angeshukuru Mungu juu ya michongoma, na Godegode, nani angemuulizia Godegode? Akafumba macho akaomba, hakuomba maneno mengi. Alipoyafumbua alikuwa anamwona Godegode hapohapo kwenye waya, bati limemwakia mgongoni, na mtu anawaambia wasafiri kwamba yuko shamba.

"Sitamleta," akasema.

"Basi na huyu anabaki. Nilimnunua, mama. Au una karatasi?"

"Sina. Kosa hilo ni langu."

Akaomba maji. Brightness akaleta ndoo na kitambaa, na wanawake wale wawili wakamwosha Gulwe sikio lile, mmoja anashika, mmoja anafuta. Odilia akalisogeza kopo la maji mahali penye kivuli, akalegeza waya shingoni kwa upana wa vidole viwili. Alimfafanulia Brightness jinsi ya kumpata bwana mifugo, na dawa gani aulizie kwanza kwa ajili ya vile vitoto, na Brightness akayarudia majina ya dawa kwa midomo bila sauti, ayashike. Kisha akamwondoa Gulwe gotini, taratibu, kwa mikono miwili. Gulwe alisimama, akamfuata mpaka waya ulipoishia.

Gari la mwisho la Kilosa lilikuwa linapiga honi barabarani. Odilia akajifunga khanga vizuri, akamwendea Gerald mlangoni, karibu kabisa, hakutaka watoto wasikie ugomvi, maana hakuja na ugomvi.

"Mwanangu, naomba kitu kimoja. Siku ukiona Gulwe hakufai tena, usimfukuze barabarani, na sumu usimwekee. Nipigie simu. Namba yangu ni ileile. Nitakuja kumchukua."